Tangazo Linawaita, Fomu Inawafukuza

Tangazo la kozi mpya hapa Nairobi husafiri zaidi kwa WhatsApp. Mtu wa ofisi ya mawasiliano anatengeneza bango la kupendeza, nembo ya chuo juu, kozi katikati, nambari ya simu chini, na pembeni kwa herufi ndogo ile sentensi tuliyoizoea: "Watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi." Bango linarushwa kwenye makundi ya wazazi, ya kanisa, ya mtaa. Kijana asiyeona akiligusa, simu yake inayomsomea kwa sauti inamwambia kitu kimoja tu: hii ni picha. Haimwambii ni kozi gani, wala kwamba anayehimizwa ni yeye mwenyewe.

Baadaye, kwenye kikao cha idara, utasikia, "Sisi tulitangaza, lakini hawaombi." Wanaomba. Wanakwama njiani, na njia hiyo tumeijenga sisi: watu wa udahili, waratibu wa kozi, mafundi wa tovuti, hata fundi mwashi aliyemwaga zege pale mlangoni. Haya yafuatayo ni ya hao.

Bango kwanza, maana ni jambo la dakika tano. Usilitume peke yake. Chini yake bandika maandishi yaleyale yakiwa yamechapwa kama ujumbe wa kawaida, ambao simu inaweza kuusoma na mtu anaweza kuunakili:

"Stashahada ya Teknolojia ya Habari, inaanza Septemba. Sifa: wastani wa C- katika KCSE (mtihani wa kidato cha nne). Madarasa yote yako ghorofa ya chini na choo cha kiti cha magurudumu kiko karibu. Vitabu vinapatikana kama faili za kompyuta. Mkalimani wa Lugha ya Ishara yupo ukituarifu wiki mbili kabla. Uliza kwa kupiga simu, SMS au WhatsApp nambari hii."

Kutaja ghorofa ya chini kunafanya kazi kuliko mihimizo kumi. Mwenye kiti cha magurudumu hasomi bango akitafuta upendo, anatafuta kujua kama atapanda ngazi. Lakini usiandike lisilokuwepo. Kama darasa liko ghorofa ya tatu na lifti hufa kila stima ikipotea, lihamishe kwanza, ndipo utangaze. Na nambari iwe ya simu na ya ujumbe pia. Nambari ya kupiga pekee inamfungia nje kiziwi, na ya ujumbe pekee inamchosha mtu ambaye mikono yake haimsaidii kuandika. Anayepokea awe mtu mmoja mwenye jina, si "ofisi", na ajue majibu ya maswali matatu: darasa liko wapi, vitabu viko katika umbo gani, na mtihani unafanywaje.

Sasa fomu, ambako wengi huishia.

Usimwulize fundi wa tovuti kama fomu inafikika, kwa sababu atasema ndiyo. Ijaribu mwenyewe. Pakua NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini ambayo imekuwepo tangu 2006 na hufanya kazi kwenye Windows. Kuiweka ni kama dakika kumi. Kisha weka kipanya kando, funika skrini kwa leso, na ujaze fomu yenu mwanzo hadi mwisho kwa kibodi tu: kitufe cha Tab kwenda mbele, Shift na Tab kurudi nyuma, mishale kuchagua, upau wa nafasi kutia alama, Enter kutuma. Mgeni wa programu hii atatumia saa nzima na atatoka jasho. Vumilia hadi ujumbe wa mwisho wa kuthibitisha, maana kuna fomu zinazopitika vizuri kurasa nne kisha zinakufa kwenye kitufe cha kutuma.

Utakayoyasikia yana mpangilio wake. La kwanza na la mara nyingi zaidi: programu inasema hapa kuna mahali pa kuandika, pako tupu, basi. Paandikwe nini? Haisemi. Kwenye skrini maneno "Nambari ya mtahiniwa" yanaonekana kando ya kisanduku, lakini aliyeandika msimbo hakuyafunga na kisanduku hicho. Jicho linaunganisha lenyewe, programu haina jicho. Kurekebisha ni mstari mmoja wa msimbo kwa kila kisanduku, na fundi akikuambia ni kazi ya miezi mwombe akuonyeshe.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Kalenda ile inayofunguka na kutaka ubofye nyuma mwezi kwa mwezi mpaka 2006 ni adhabu kwa kila mtu, na kwa anayetumia kibodi ni ukuta. Weka visanduku vitatu vya kuandika tarakimu, yaishe.

La tatu ni makosa yanayoonyeshwa kwa rangi nyekundu pekee. Mwombaji anabofya kutuma, hakuna kinachotokea, anabofya tena. Kosa liandikwe kwa maneno, "Nambari ya simu imepungua tarakimu moja", na fomu impeleke moja kwa moja kwenye kisanduku chenye kosa. Wasiotofautisha nyekundu na kijani watakushukuru pia, nao si wachache kati ya wanaume.

La nne ni muda. Fomu nyingi humtupa mtu nje baada ya dakika chache za kimya. Anayeandika kwa kidole kimoja, au anayesikiliza kila sentensi mara mbili, hamalizi. Ruhusu ahifadhi na arudi kesho. Na lile fumbo la kuchagua picha zenye pikipiki ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti, liondoe kabisa. Tuma tarakimu za uthibitisho kwa SMS au barua pepe.

Kuna na ugonjwa wa PDF. Barua ya masharti ya kozi inaandikwa kwenye kompyuta, inachapishwa, inatiwa sahihi, inagongwa muhuri, kisha inapigwa skani na kuwekwa mtandaoni. Kufikia hapo si maandishi tena, ni picha ya karatasi. Kipimo chake ni rahisi: jaribu kuteua neno moja kwa kipanya. Ukishindwa, kisoma skrini nacho kimeshindwa. Hatuna haja ya kupigana na muhuri, nchi hii inaupenda. Weka nakala yenye muhuri kwa wanaoitaka, na maneno yaleyale yaweke ndani ya barua pepe yenyewe au kwenye faili ya Word. Faili ya asili ipo daima, iko kwenye kompyuta ya katibu wa idara, na hakuna aliyewahi kuiomba.

Kwa wenye uoni hafifu, na hapa wamo wengi wenye ualbino, fomu ya karatasi ichapwe kwa herufi za ukubwa wa pointi 18, nyeusi juu ya nyeupe au krimu isiyong'aa. Kwenye skrini, kiwango cha kimataifa ni tofauti ya mwanga isiyopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na mandhari yake. Yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe ambayo wabunifu wanaona yana adabu huanguka mtihani huu.

Je, fomu ichapwe kwa breli? Kwa kawaida hapana. Ukurasa mmoja wa chapa ya kawaida huzaa kurasa mbili au tatu za breli, na hata akiusoma, bado atatafuta mtu wa kumjazia kwa kalamu. Pesa hizo tia kwenye fomu ya mtandaoni. Breli itunzie siku ya mtihani wa kuingilia au usaili, kwa aliyeiomba.

Ndani ya fomu hiyo kuna swali moja linalostahili kikao chake lenyewe: swali la ulemavu. Toleo la kawaida ni hili: "Je, wewe ni mlemavu? Ndiyo/Hapana. Kama ndiyo, ambatisha nakala ya kadi." Lina makosa matatu kwa pumzi moja. Linamtaja mtu kwa hali yake. Linawaacha wale ambao hawajioni hivyo, kama kijana anayesikia sikio moja, mwenye kifafa, au anayesoma polepole kwa sababu herufi zinamchezea. Na linadai kadi.

Ukitaka kujua tofauti inayoletwa na swali, tazama sensa ya 2019. Ilitumia maswali ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu, ambayo hayataji neno ulemavu hata mara moja. Yanauliza kama una ugumu wa kuona hata ukivaa miwani, kusikia hata ukitumia kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana kwa lugha yako ya kawaida. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mwingi, siwezi kabisa. Ile asilimia 2.2 inayotajwa kila mahali, watu kama laki tisa wa miaka 5 na zaidi, ni waliojibu kuanzia ugumu mwingi. Shirika la Afya Duniani, likipima kwa upana zaidi, linakadiria asilimia 16 ya watu wote duniani. Chuo kinachopanga bajeti kwa 2.2 kitashangazwa darasani na wale wa ugumu kiasi, ambao hawakuwahi kuhesabiwa na mtu.

Kwenye fomu ya chuo huhitaji maswali yote sita. Haya maneno yanatosha: "Kuna kitu tukifanye ili uweze kusoma, kufika darasani, kufuata mhadhara au kufanya mtihani bila kizuizi? Si lazima ujibu. Jibu lako halitatumiwa kuamua kama utachukuliwa, na litasomwa na afisa wa huduma za ulemavu peke yake." Halafu orodha ya kutia alama: mkalimani wa Lugha ya Ishara, vitabu vya kielektroniki, herufi kubwa, muda wa ziada, chumba cha chini, msaidizi wangu aingie nami, kingine. Unauliza mahitaji, huulizi ugonjwa. Na ahadi ya faragha si pambo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Karatasi ya Excel yenye majina na hali za watu ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp la wahadhiri, chuo kina kesi.

Kuhusu kadi: Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwasajili watu baada ya tathmini ya daktari katika hospitali iliyoidhinishwa, na kwa familia ya mbali hiyo ni safari zaidi ya moja. Kadi ina faida zake za baadaye. Isiwe tiketi ya kuomba nafasi.

Tuje kwenye vigezo vya kujiunga, mahali ambapo mtu huenguliwa na sentensi ambayo hakuna anayekumbuka iliandikwa na nani. "Awe na afya njema ya mwili." "Aweze kusafiri nyanjani." Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikataza taasisi kumnyima mtu kozi kwa sababu ya ulemavu wake tu ikiwa ana uwezo wa kujifunza kwa kiasi cha maana katika kozi hiyo. Sasa tuna sheria mpya ya 2025, lakini ule mtihani wa uwezo wa kujifunza bado ni chujio zuri la kupitishia kila kigezo. Kaa na mtaala, chukua kigezo kimoja kimoja, uliza: hili linapima kujifunza, au linapima njia tuliyozoea kulifanya? Mwanafunzi wa jiografia lazima ajue kukusanya data. Lazima apande mlima? Mwanafunzi wa kemia lazima ajue titresheni inasema nini. Lazima ashike bureti kwa mkono wake, au aweza kumwelekeza msaidizi wa maabara hatua kwa hatua huku akisoma rangi kwa kifaa kinachotamka? Kuna vigezo vitakavyobaki, na ni haki vibaki. Lakini viandikwe kwa jina lake: kazi gani, kwa kiwango gani.

Mfano wa karibu ni viziwi na lugha. Kwenye KCSE, Lugha ya Ishara ya Kenya ni somo linalotahiniwa, nambari 504, na kiziwi hulifanya mahali pa Kiswahili. Sasa kozi inatangaza "C+ ya Kiswahili au Kiingereza". Binti ana B ya Lugha ya Ishara na D+ ya Kiingereza. Anasoma tangazo, anajiona hafai, anafunga simu. Hajaomba, kwa hiyo hata kwenye takwimu za waliokataliwa hayumo. Ongeza maneno "au Lugha ya Ishara ya Kenya" kwenye tangazo, kwenye tovuti na kwenye mfumo unaochuja, maana mara nyingi hurekebishwa kwenye tangazo ukaachwa mfumo, na kompyuta inamtema vilevile.

Na kile Kiingereza chake cha D+ kisikudanganye. Lugha ya Ishara ina sarufi yake. Kiingereza kwake ni lugha ya pili ambayo hajawahi kuisikia. Insha ya maneno 500 ya kueleza kwa nini anataka kozi inapima Kiingereza, haipimi nia wala akili. Mruhusu atume video ya dakika tatu kwa ishara, nanyi mlipe mkalimani aitafsiri. Kama kozi yenyewe inahitaji uandishi mzito, mpime huo uandishi peke yake, na mumwambie mapema ni msaada gani upo.

Mkalimani, kwa kuwa tumemtaja: kwa kikao kinachozidi saa moja chukua wawili, wapokezane kila dakika 20 hivi. Mmoja akiachwa peke yake mikono inachoka, kisha akili, na mwombaji anakosa nusu ya maswali bila mtu kujua. Asimame karibu na anayezungumza, mwanga umwangukie usoni, asiwe na dirisha nyuma yake. Mpelekee slaidi na istilahi za kozi siku mbili kabla, maana neno kama "algorithimu" halina ishara moja ambayo kila mtu anaijua. Unapouliza, mtazame mwombaji, si mkalimani. Na mama yake si mkalimani. Mama hujibu.

Wako wapi hawa vijana? Jibu la haraka ni shule maalum, na ni jibu zuri kwa kuanzia. Kutoka katikati ya Nairobi, Thika ni kilomita 45 tu, na huko kuna shule ya upili ya wasioona na Joytown ya wenye ulemavu wa viungo. Kwa viziwi utasafiri zaidi: Reverend Muhoro kule Mukurweini, Mumias, Kuja kule Migori. Hapa jijini, Moi Girls huwachukua wasichana wasioona wakasoma na wenzao wanaoona. Kwa kozi za ufundi, usiwasahau wahitimu wa vyuo kama Karen cha viziwi na Machakos cha wasioona. Wengi wana cheti na wanatafuta pa kupandia.

Lakini walio wengi hawako huko. Wako shule za kawaida za kutwa, Dandora, Kawangware, Githurai, bila mwalimu wa elimu maalum, wakikaa dawati la mbele kwa sababu hawaoni ubao. Hao huwafikii kwa barua kwa mwalimu mkuu. Wanajulikana na maafisa wa vituo vya tathmini ya elimu katika kaunti, na wataalamu waliopitia KISE, taasisi ya elimu maalum pale Kasarani, iliyoanzishwa 1986. Kikombe cha chai na afisa wa tathmini kina thamani kuliko stendi ya maonyesho ya siku tatu.

Ukienda shuleni, nenda mapema. Januari baada ya matokeo ni kuchelewa. Kwa wanaomaliza mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yao ya mwisho ni 2027, nenda wakiwa kidato cha tatu. Kwa wa mtaala mpya ni mapema zaidi, kwa sababu mkondo wa sekondari ya juu unachaguliwa Gredi ya 9: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Huko ndiko uamuzi unakofanyika sasa. Mtoto asiyeona husukumwa sayansi ya jamii kwa upole kabisa, na watu wanaompenda, kwa sababu shule haina michoro ya kugusa ya hisabati. Idara ya kompyuta itakayongoja mpaka 2029 kuwatafuta wasioona itakuta walishaelekezwa kwingine miaka mitatu nyuma. Ziara ya nusu siku Gredi ya 8 na 9, kompyuta mbili zenye NVDA na mwanafunzi wa mwaka wa pili asiyeona anayeandika msimbo mbele yao, ndiyo matangazo bora yanayojulikana. Mlipe huyo mwanafunzi.

Siku ya kutembelea chuo ina mitego ya Nairobi hasa. Usianze saa mbili asubuhi. Anayetumia kiti cha magurudumu hagombanii matatu saa kumi na mbili. Makanga wengine humpita stejini, wengine hudai nauli ya kiti kama mzigo. Anza saa nne. Nauli itume kwa M-Pesa siku moja kabla, yake na ya msaidizi wake, kwa sababu kumwambia aje na risiti atarudishiwa ni kumwambia asije. Watumie maelezo ya njia kwa maneno kutoka stejini: hatua ngapi hivi, upande gani, barabara gani inavukwa, lango lipi lina kizingiti. Soja wa langoni apewe majina, asije akamwuliza aliyekuja na fimbo nyeupe kama amekuja kuomba msaada. Hili hutokea.

Halafu rampu. Kanuni ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka rampu ya mita 1.8. Ngazi tatu, sentimita 45, zinataka mita 5.4. Fundi asiyeambiwa hili humwaga zege la sentimita 60 mbele ya ngazi moja, akalipiga lipu laini linaloteleza mvua ikinyesha, na chuo kikaandika ripoti kwamba rampu ipo. Mteremko huo ni 1 kwa 4. Kwa kiti cha kusukuma kwa mikono unamrudisha mtu nyuma kichwa kikitangulia. Chukua futi kamba, pima mwenyewe kabla ya wageni. Pima na mlango: nafasi wazi isipungue sentimita 80, na 90 ni bora. Chooni kiti kinahitaji duara la mita moja na nusu ili kigeuke. Na uhakikishe kwamba choo hicho si stoo ya mopu na ndoo yenye kufuli, ufunguo uko kwa mtu aliyeenda likizo. Nadhani nusu ya vyoo vya aina hii mjini vimeishia hivyo, lakini sijavihesabu.

Kwa nafasi zinazogawiwa na KUCCPS, huduma ya serikali ya kuwapanga wanafunzi vyuoni, mambo yana sura nyingine. Mwombaji anajaza machaguo yake kwenye mfumo wao, na wenye ulemavu waliojitambulisha hupewa kipaumbele, mradi wametimiza masharti ya masomo. Shida huja baada ya hapo. Jina linafika kwa msajili, msajili analipeleka idarani kama majina mengine yote, na mhadhiri anagundua kwamba ana mwanafunzi asiyeona siku ya kwanza ya mhadhara, akiwa ameshika kalamu ya ubao. Idara imwombe msajili orodha mara tu nafasi zinapotangazwa. Kisha mpigie au mwandikie kila mmoja ndani ya wiki mbili na mwandikiane kwa maandishi: darasa lipi, vitabu vipi vitatafutwa kwa faili na nani, muda wa ziada wa mtihani kiasi gani, chumba kipi cha hosteli. Vitabu ndivyo vinavyochelewa. Kupiga skani na kusafisha kitabu cha kurasa 300 ili kisomeke kwa sauti, michoro ikielezwa kwa maneno, ni kazi ya wiki, si ya usiku mmoja.

Pesa tuzipite upesi, ila jambo moja: usiahidi kompyuta mpakato. Taja yaliyopo. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, una tarehe zake, Baraza la Watu Wenye Ulemavu hutoa msaada wa karo kwa waliosajiliwa, basari ya eneo bunge ina fomu yake na foleni yake. Mwombaji apewe tarehe na mahali, na mtu wa ofisini wa kumsaidia kujaza. Ahadi ya mashine isiyofika inamaliza jina la chuo Thika nzima kwa muhula mmoja, maana shule hizi ni ndogo na wanafunzi wake wanaongea.

Mwishowe weka daftari la hesabu, na usihesabu waliojiunga peke yao. Hesabu waliouliza, walioanza fomu, waliomaliza, waliopewa nafasi, walioripoti, na waliokuwepo bado muhula wa pili. Tuseme 12 waliuliza, 9 wakaanza fomu, 3 wakamaliza. Hapo hakuna haja ya bango jipya. Watafute wale 6 kwa njia waliyotumia kuuliza, simu kwa simu, ujumbe kwa ujumbe, na swali ni moja: "Ulifika ukurasa wa ngapi?"